Mshale wa Kushoto

Fundi Brashi, mchora mabango, hakuwahi kukubali kwamba yeye ni mlevi. Mlevi, kwa elimu yake, ni yule anayelala mtaroni. Yeye alikuwa akilala kando ya mtaro, na hilo ni jambo tofauti kabisa.

Aliyemvua elimu hiyo ni binti yake, mshonaji, siku alipomkuta amembeba mjukuu wa miezi mitano kichwa chini miguu juu, huku akiziimbia nyayo za mtoto. Binti hakupiga kelele. Alimchukua mwanawe, akasema, "Baba, humshiki tena mpaka ukakae kwenye kikao cha walioacha pombe. Hata kimoja tu. Na usinidanganye, nitajua."

Wiki sita sasa alikuwa akimtazama mjukuu kutoka upande wa pili wa meza. Mtoto alikuwa ameota meno mawili bila idhini yake. Ilimuuma kuliko alivyotaka watu wajue.

Haya, nenda katafute hicho kikao uone kazi. Baa utaijua kwa muziki, kwa taa, na kwa shemeji yako aliyesimama mlangoni. Walioacha pombe wamejificha utadhani wao ndio wanaofanya kosa. Fundi alikwenda zahanati, akainama dirishani, akanong'ona. Dada wa mapokezi, aliyejaliwa kifua cha kuita watu ng'ambo ya mto, akajibu, "Unataka kile cha walevi?" Foleni nzima ikageuka, jirani yake akiwemo. Basi siri yake ikawa salama mikononi mwa watu ishirini na wanne.

Dada akamwandikia: Alhamisi, saa kumi jioni, jengo la nyuma ya soko, ghorofa ya pili, fuata mshale.

Alhamisi ikafika. Fundi alipanda ngazi ameinamisha kofia, akaona bango kwa jicho moja, akaufuata mshale kushoto, akasukuma mlango. Ilikuwa baa. Chupa zilikuwa zimepangwa safi kuliko vitabu vya shule, na nyuma yake mama mwenye baa akifuta bilauri.

"Samahani, mama. Natafuta kikao."

"Kaa, mzee wangu. Kila Alhamisi hawakosi wawili watatu wanaokitafuta. Wakikikosa, wanaagiza." Akaweka bilauri mbele yake. "Nikupe ipi?"

Fundi alisikia aibu, akasikia na kiu, na kiu ndiyo iliyokuwa kubwa. Mkono ulikwishafika kaunta. Lakini udadisi wa kazi haumwachi fundi.

"Nani anawaleta huku?"

"Si ni lile bango pale ngazini!"

Akatoka kulitazama vizuri. KIKAO CHA MARAFIKI, ALHAMISI. Herufi R ina mguu mrefu uliopinda mwishoni kwa maringo. Duniani kuna mtu mmoja tu anayechora R namna hiyo, na alikuwa amesimama pale amevaa kofia. Akakumbuka: miaka miwili nyuma, mteja kwenye simu akisema kulia, fundi, mshale uende kulia, na yeye karakanani, chupa mkono mmoja, brashi mkono wa pili, akijibu ndiyo bwana, kulia.

Upande wa kulia palikuwa na mlango mwingine. Ndani aliwakuta watu watatu na viti kumi na vitano. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, alikuwa akieleza kwa huzuni kwamba watu wa siku hizi hawataki kubadilika, mwaka wa pili huu hajaja mgeni hata mmoja. Wao wenyewe huingia kwa mlango wa nyuma, wasionekane. Bango lao hawakuwahi kulisoma.

Fundi angeweza kukaa kimya. Angekaa saa moja, akapata kikao chake, akaenda zake kwa mjukuu. Ulimi ukamshinda.

"Mimi ndiye niliyechora bango lenu. Nilikuwa nimelewa. Mshale unapeleka watu baa."

Mwalimu akavua miwani. Kinyozi, aliyekaa pembeni, ndiye aliyesema, tena polepole.

"Nilimwelekeza mdogo wangu hapa. Akarudi amelewa, akaniambia amefuata mshale hakutuona. Nikamwita mwongo. Mwaka sasa hatusemezani."

Fundi alitamani sakafu immeze, nayo haikuwa na haraka.

"Na wewe umefuata mshale?" kinyozi akamuuliza.

"Nimefika mpaka kaunta."

"Ukanywa?"

"Hapana."

Kinyozi akamtazama, akavuta kiti kwa mguu. "Kaa. Nikitoka hapa naenda kwa mdogo wangu, na wewe utanisindikiza ukamwambie mwenyewe."

Akakaa. Jioni ile akaenda, akamwambia, akatukanwa ipasavyo.

Asubuhi alirudi na rangi. Mikono isiyo na pombe ilimtetemeka hata mshale ukatoka na kiwiko, lakini ulielekea kulia. Binti alipanda ngazi, mtoto begani. Kumbe yule jirani wa foleni ya zahanati alikwishampa habari zote. Akalisoma bango, akalisoma tena.

"Mshale umepinda, Baba."

"Umepinda, mwanangu. Ila huko ndiko."

Binti akaitazama ile mikono iliyojaa rangi, jinsi inavyotetemeka. Akamhamisha mtoto bega la pili.

"Kanawe kwanza," akasema.