Sketi ya Baba wa Bibi Harusi

Mkasi ulikuwa umekwisha kupita ndipo fundi alipotazama mezani na kuona alichokifanya. Kitambaa chake cha suti, kijivu, chenye mistari myembamba kama mvua ya mbali, kilikuwa kimelala vipande vipande, na hakuna hata kimoja kilichofanana na mguu wa suruali.

Alikuwa amekata sketi.

Tusimlaumu yeye. Tuilaumu mikono. Kwa miaka ishirini na mitatu mikono ile ilikuwa imekata sketi za shule, za marinda, kutwa kucha, mpaka wanafunzi wakambandika jina la Mzee Marinda, naye akaliitikia. Alhamisi hiyo kichwa chake kilikuwa kwenye harusi ya binti yake, keshokutwa, na jinsi atakavyoingia naye ukumbini mbele ya watu wote. Mikono ikaachwa bila msimamizi, ikafanya inachokijua.

Koti lake lilikuwa tayari ukutani, limenyooka kama mwalimu wa zamu. Kitambaa kama kile kilikuwa kimekwisha dukani. Suruali yake nyingine ya heshima ilikuwa ya kahawia, na magoti yake yaling'aa kwa uzee.

Kikao cha dharura kikaitishwa jikoni. Wajumbe walikuwa wawili, yeye na mkewe, na akidi ikatimia.

"Umekata nini?"

"Sketi."

"Ya nani?"

"Kwa vipimo, ni yangu."

Mkewe aliweka mwiko chini. Alicheka mpaka akashika ukuta, akanyamaza, akamtazama, akaanza tena, kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukichukua. Kisha akajifuta machozi. "Haya, ishone basi tuione. Kitambaa kizuri hivyo hakitupwi."

Akaishona. Alipoivaa mbele ya kioo aliona msichana wa kidato cha pili mwenye masharubu. Marinda yalimvimbisha pande zote, kiuno kilipanda juu ya kitovu, na nyonga ambazo sketi ilizitegemea hazikuwepo.

Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye aliudhika, na kilichomuudhi hakikuwa sketi, ilikuwa kazi mbovu. Hakuwahi kuruhusu nguo itoke dukani kwake ikiwa haimkai mwenyewe. Akavua, akafumua. Akashusha kiuno, akaweka vitanzi vya mkanda. Mbele akapaacha bapa, pakifungwa ubavuni kwa vifungo vitatu sawa na vya koti. Marinda yote akayahamishia nyuma, manne, mapana, ili mtu wa hatua ndefu apate nafasi. Akamalizia na mifuko miwili, ya kuzamisha mkono mpaka kwenye kifundo.

Ijumaa alasiri akaivaa tena, akatembea kutoka kwenye cherehani hadi dirishani, akarudi. Marinda yakafunguka, yakajifunga. Upepo ukapita mahali ambapo haukuwahi kualikwa. Kiooni hapakuwa na mwanafunzi tena, wala hapakuwa na mwanamke. Alikuwepo yeye, ila amepigwa pasi.

Ndipo kaka yake alipoingia. Huyu alikuwa mlinzi wa lango la shule miaka thelathini; wote walimwita Kamanda, hata walimu, na alistaafu bila kurudisha filimbi.

"Vua hicho kitu."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Vua hicho kitu."

"Ni suti hii."

"Suti ina miguu miwili!"

"Miguu si ninayo mwenyewe?"

Kamanda hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akapunguza sauti, na hapo ndipo fundi alipoogopa.

"Sikia, mdogo wangu. Watu watacheka. Na atakayekibeba kicheko hicho si wewe, ni mtoto. Ukiivaa hiyo kesho, nitamwingiza mimi."

Kwa mzaha fundi alikuwa na majibu ya wiki nzima. Huu haukuwa mzaha. Alisubiri kaka yake aondoke, akaivua sketi, akaikunja taratibu.

Jumamosi alifika ukumbini amevaa koti la kijivu na suruali ya kahawia. Bibi harusi alikuwa chumba cha nyuma, amesimama, maana gauni halikumruhusu kukaa. Alimtazama baba yake kuanzia juu kwenda chini, akakwama magotini.

"Mama ameniambia kuna sketi."

"Iko kwenye mfuko wa nguo. Nimeileta tu."

"Umeileta ifanye nini?"

Fundi akakohoa. "Watacheka, mwanangu."

"Watacheka. Hata mimi nitacheka. Lakini na hiyo suruali, baba, nitalia. Na eti ina mifuko?"

"Miwili."

"Mirefu?"

"Mpaka hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono.

"Kwa hiyo mimi umenishonea gauni bila mfuko hata mmoja, wewe ukajiwekea miwili." Akainua mikono yake, vidole vyote kumi. "Nimeihangaikia hii tangu asubuhi, sijui niiweke wapi. Kavae, baba."

Kamanda alikuwa amesimama mlangoni pa ukumbi, viatu vinawaka, mkono wa kulia umekwisha kukunjwa tayari kushikwa, iwapo atahitajika. Aliwaona wakija. Aliona koti, akaona vifungo vitatu ubavuni, akaona mkono wa mtoto umezama katika mfuko wa baba yake mpaka hauonekani. Ndani, muziki ulikuwa umeanza.

Wakampita.

"Simameni hapo!"

Ilikuwa sauti ya lango, na wote wawili wakasimama kama waliochelewa shule. Nyuma yao fundi akasikia goti likilia, kisha pumzi nzito za mtu anayeinama kwa shida. Kitu kikavutwa kwenye pindo.

Ulikuwa uzi mweupe wa bandi, wa kushikiza pindo kwa muda, ule ambao fundi huutoa mwisho kabisa, na safari hii alikuwa ameusahau. Kamanda aliukata kwa meno. Akanyanyuka akishikilia ukuta, akautazama uzi kiganjani kama asiyejua apeleke wapi, kisha akauviringa kwenye kidole.

"Haya," akasema. "Hatua ndefu."

Mlango ukafunguliwa. Fundi akatanguliza mguu, na nyuma yake marinda yakafunguka, yote manne.