Mkono Ulionyoshwa

Kwa nini tairodi ilikataa kufika? Binti mkubwa alikuwa amelala chali chini ya gari kuukuu la mama yake, grisi hadi nyusi. Tairodi, chuma kirefu kinachoyaunganisha magurudumu ya mbele ili yageuke pamoja, yeye na mdogo wake waliifungua wenyewe kwenye gari hilohilo. Sasa upande wa kushoto ilikaa barabara, lakini upande wa kulia ilipungukiwa upana wa kidole gumba, hata baada ya kulegezwa hadi ukomo wake.

“Dada, usijitese,” alisema mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia kwa jinsi asivyoachana na nyundo. “Hiyo si yake. Nimeokota ndefu kwenye vyuma chakavu. Jaribu hii.”

Aliijaribu. Iliingia bila ubishi.

Mama mdogo, aliyeketi mlangoni akishona vitambaa vya viti, akapiga vigelegele. “Kesho dada yangu anatoka hospitali kwa gari lake! Si aliapa teksi hapandi?”

Ni kweli aliapa, kwa sauti ndogo iliyombakia, na wanawe wawili wakamwahidi.

Binti hakushangilia. Ikiwa gari lilitembea miaka yote kwa tairodi fupi, kipi kilichobadilika? Akautazama mkono wa gurudumu la kulia, kile kipande kifupi cha chuma kinachoshika ncha ya tairodi. Ulikuwa umenyooka kama rula, na mweusi wa moto.

“Injinia, huu ulikuwaje ulipoufungua?”

“Ulikuwa umepinda! Si gari liliwahi kutumbukia mtaroni? Nikautia moto, nikaunyosha. Mikono hii, dada, haina mshahara unaoitosha.”

“Mdomo ndio hauna mshahara,” alidakia Mama mdogo.

Binti akachovya tambara kwenye mafuta ya taa na kuusugua mkono wa kushoto, ambao hakuna aliyeugusa kwa kuwa haukudhaniwa kuwa na tatizo. Grisi iliyoganda ikabanduka. Mkono huo nao ulikuwa umepinda kuelekea ndani.

“Njoo uone.”

Injinia akachutama. “Labda na huo uligonga.”

“Chuma kikipindwa na ajali, rangi hupasuka. Hii ya kiwandani haina ufa hata mmoja. Mikono yote miwili iliundwa imepinda, ili magurudumu yasiburutane kwenye kona. Tairodi fupi ndiyo yake. Wewe ulinyosha kizima.”

Injinia alinyanyuka. “Basi naukunja tena. Moto upo, nyundo ipo.”

“Chuma cha usukani kilichokwisha kupigwa motoni? Kikatike mama akiwa ndani?”

Mama mdogo aliiacha sindano ikining’inia. “Mwanangu, unajua atakavyonuna. Na hali yake ile, alichokuwa akikisubiri ni hicho tu.”

Binti alijua. Akatoka chini ya gari, akasimama mbele yao, spana mkononi.

“Gari halitoki kesho,” alisema. “Hiyo tairodi ndefu naifungua sasa hivi. Mama nitamfuata kwa teksi, na nitamwambia mimi mwenyewe kwamba ahadi hatukuitimiza. Halitaondoka hapa mpaka tupate mkono wa kulia ambao haujawahi kuona moto.”