Kikande wa Mlango wa Nyuma

Mume wangu ni mtu mwema. Naanza na hilo nisije nikalisahau huko mbele, maana asubuhi ile ya Ijumaa nililisahau kabisa.

Nilikuwa nimesimama pwani, mtoto mgongoni, ndoo mbili tupu miguuni pangu, nikimtazama yeye na mdogo wake wakisukuma boti mchangani. Boti yetu ni ndogo, na injini yake inakohoa zaidi ya kunguruma. Nikachungulia ndani. Changu wachache, tasi wa kuhesabika, na pweza mmoja aliyeonekana kujuta. Basi.

"Kikande wako wapi?"

Mume wangu akainama kufunga kamba. Kamba yenyewe ilikuwa imeshafungwa.

"Baba mtoto, nakuuliza. Kikande wako wapi?"

Shemeji yangu, ambaye hawezi kusema uongo hata ukimfundisha, akatazama baharini. "Walikuwepo, shemeji. Tena wengi. Tulipofika pale kwenye mwamba, kaka akasema tuwarudishe."

"Muwarudishe? Kwani mliwaazima?"

"Watu wangetuona," mume wangu akasema, chinichini, kama mtu aliyetoa sababu ya maana.

Kwa asiyemjua kikande: ni samaki mpana, ngozi ngumu kama ya kiatu, pembe mgongoni, kinywa kidogo chenye meno ya panya. Anakata mishipi, anakula chambo, anakutumbulia macho. Kwetu ni chakula cha paka, na mvuvi anayeshuka na kikande huchekwa kwamba bahari imemkataa. Ndiyo maana kila boti huwatupa kabla ya kufika, wazima kwa wafu, kisha wanaume wanashuka vifua mbele na kapu nusu. Nyumbani njaa, mchangani heshima.

Mimi nilimjua kikande kwa shida. Samaki wazuri wote wanakwenda sokoni, na mtoto wangu alikuwa ameanza kula lakini kila nilichomtia mdomoni alinirudishia kifuani. Siku moja nikamkuta kikande amesahaulika chini ya mbao za boti. Nikajaribu kumparua magamba, kisu kikateleza. Nikamchemsha mzima, akatoka vilevile alivyoingia. Wa pili ndipo nikatumia akili: nikamkata nyuma ya pembe, nikapitisha ncha ya kisu pembeni kumzunguka, nikachukua koleo la injini la mume wangu nikaivuta ngozi. Ikatoka nzima kama soksi. Ndani, nyama nyeupe pe, imara, tamu, miiba ya kutafuta. Mwanangu alifungua mdomo kama kinda, na nilipochelewa kumpa, akanipiga.

Kuhusu koleo tuligombana siku tatu. Lakini hayo ni mengine.

Kulikuwa na rafiki yangu tunayemwita Mwiko, mpishi wa chuo cha walimu. Tulikaa dawati moja darasa la jioni, yeye akisinzia kwa uchovu wa masufuria, mimi nikimfinya ili mwalimu asimwone. Alionja kikande kwangu, akala kimya, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema: "Jumamosi chuo kina wageni wakubwa. Niletee ndoo mbili Ijumaa. Wakimpenda, nitamchukua kila wiki, mwaka mzima."

Kila wiki, mwaka mzima! Nilipiga hesabu nyingine moyoni. Wakala wa meli kubwa za uvuvi alikuwa amempa mume wangu mpaka Jumatatu aseme kama anakwenda kufanya kazi melini. Akienda, ni miaka miwili kwenye bahari za watu. Mtoto atatembea, atasema, atamaliza kuota meno, na baba yake atakuwa sauti ndani ya simu. Alitaka kwenda kwa sababu boti hailishi nyumba. Na boti ingelisha nyumba kama asingekuwa anatupa chakula baharini.

Haya yote nilimweleza Alhamisi usiku. Akaitikia kwa kichwa, akamalizia chai yake. Nikajua tumeelewana. Mjinga mimi.

"Dada, unatafuta kikande?" Aliyesema pale pwani ni jirani yetu wa boti ya pili, tunamwita Tajiri kwa sababu hana kitu. "Mpaka sasa paka wako hajafa?"

Pwani nzima ikacheka. Mume wangu naye akacheka kidogo, kicheko cha kuomba msamaha. Hicho ndicho kilichonikata maini. Nikapanda juu ya boti iliyofudikizwa, na mtoto mgongoni.

"Sikilizeni! Mwenye kikande aniletee nyumbani leo. Nina mpishi anayewataka. Na anayecheka, acheke, meno yake si yangu."

Mmoja akakohoa. Mwingine akakumbuka kwamba injini yake ina tatizo.

"Umenimaliza," mume wangu akaninong'oneza.

"Bado sijaanza."

Nyumbani mama mkwe alishapata habari. Sijui huwa zinapita wapi, mimi nilitembea njia ya mkato.

"Nimelea wavulana wawili bila kumwingiza samaki yule chunguni," akasema. "Ana sumu."

"Mwenye sumu ni bunju, mama."

"Wote wana macho yaleyale."

Nikampigia Mwiko nimweleze. Hakunipa nafasi. "Nimeshamwambia mkuu wa chuo," akasema. "Ukiniangusha, nitawapikia wageni viatu." Akakata.

Nikakaa chini jikoni, mtoto akavuta kitambaa changu cha kichwa na kukitafuna, nami nikamwacha. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauitoi. Unaweza kumfundisha mtu namna ya kuchuna samaki. Kumfundisha asiwaogope watu wasiomlisha, huko hata darasa la jioni halikufika.

Mlango wa nyuma ukagongwa, taratibu. Nikafungua. Tajiri, na ndoo iliyofunikwa gunia.

"Dada," akanong'ona, "paka wako bado anakula?"

Nikainua gunia. Kikande, wamejaa hadi ukingoni.

"Si mnawatupa?"

"Tunatupa wachache," akasema, akitazama nyuma. "Wa kuonekana. Hawa wengine wanangu wanawala tangu wazaliwe. Mama yao anawachoma mpaka ngozi ipasuke. Lakini usimwambie mtu."

Kabla hajamaliza kusema, uani akaingia mwingine, yule aliyekuwa akikohoa pwani. Walipoonana wakaganda.

"Nimekuja kuazima jembe," akasema yule wa kikohozi.

"Na hiyo ndoo?"

"Ya kubebea jembe."

Akaja wa tatu. Akaja wa nne, huyu amewafunga kikande kwenye shuka kama mtoto mchanga. Wote waliocheka asubuhi wakawa uani kwangu, kila mmoja akimwonea haya mwenzake na kuangalia ndoo ya mwenzake kama imezidi yake. Mama mkwe akatoka, akawahesabu kwa macho.

"Kumbe mtaa mzima ni paka," akasema, akarudi ndani.

Hapo ndipo mume wangu alipoingia. Akazitazama zile ndoo moja baada ya nyingine.

"Nyote?"

"Kwani wewe," Tajiri akamuuliza, na hakuwa anatania, alimhurumia kweli, "wewe muda wote huu ulikuwa unawatupa kweli?"

Ningecheka, lakini nilikumbuka vyungu vyote ambavyo havikupikwa. Mtu mmoja tu kwenye pwani nzima aliamini ile aibu kwa moyo wote, na ndiye niliyeolewa naye.

Akaketi juu ya kigogo, akanyoosha mkono. "Nipe koleo."

"Anzia nyuma ya pembe. Si hapo! Nyuma!"

Tulichuna mpaka vidole vikafa ganzi. Jioni tukampelekea Mwiko.

Jumamosi alasiri akanipigia. Wageni walikula. Mmoja aliuliza jina la samaki, akaambiwa, akaacha kutafuna. Halafu akaomba aongezewe. Mkuu wa chuo anataka kila wiki. "Ila nisikilize," Mwiko akasema. "Hawa uliowaleta wengine walishaanza kulegea. Mambo ya kuficha chini ya gunia mpaka mchana siyataki. Nataka watoke baharini waingie kwenye barafu, palepale pwani. Vinginevyo tusahauliane."

Palepale pwani, mbele ya watu. Nilimpa mume wangu ujumbe kama ulivyo, sikuongeza chumvi. Akaitikia kwa kichwa. Safari hii sikujua chochote.

Jumatatu nikasimama tena mchangani na ndoo za barafu. Boti ikagusa. Akashuka, akaenda upande wa nyuma, akakaa huko muda mrefu mno. Kisha akamwinua kikande mkubwa kwa mkia, jua kali, watu wote wanaona, akamtia kwenye ndoo yangu. Akafuata mwingine. Masikio yake yalikuwa yanawaka. Tajiri akaanza kucheka kwa mazoea, akatazama kushoto na kulia, akajikuta peke yake, akanyamaza. Baada ya muda kidogo nikasikia kwenye boti yake gunia linafunuliwa.

"Na wakala?" nikauliza.

"Nimempigia. Nimemwambia anipe wiki mbili."

"Wiki mbili!"

"Nione kwanza, mama mtoto. Huenda wale wa chuo wakamchoka kikande."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, mengi, mengine yenye ushahidi. Mtoto akanyoosha mkono kutoka mgongoni kwangu ashike vile vimeno vya panya, na baba yake akaudaka ule mkono kabla haujafika, akaubusu, na magamba ya changu yakabaki kwenye vidole vya mtoto.

Wiki mbili. Nikamwambia ashike ndoo vizuri, barafu inamwagika.