Jino la Bi Jokha

Zilibaki siku tatu kabla ya mtihani wa kuingilia chuo cha sheria, na Miska alikuwa amekosa maswali kumi na mawili katika ishirini ya mazoezi. Aliisukuma kompyuta pale mezani, jikoni kwao Thamesmead, ughaibuni, ikagonga bakuli la unga.

"Basi, bibi. Sheria nimeiacha." Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Bi Jokha akamjibu kwa Kipemba, kama kawaida yake.

"Lipi lililokushinda? Nisomee, taratibu."

Miska akalifasiri kwa taabu. Mtu katoa hoja. Swali linataka ujue amechukulia jambo gani kuwa kweli, bila kulisema. "Sasa kisichoandikwa mimi nitakionaje?"

Bi Jokha aliendelea kukata visheti, kila kimoja sawa na mwenzake.

"Babu yako Muhsin alipoleta posa, shangazi yangu aliingia chumbani kuniuliza. Nikanyamaza. Akatoka na vigelegele: 'Kanyamaza! Karidhia!'"

"Kwani hukuridhia?"

"Jino likiniuma! Shavu limevimba hivi, nimebana karafuu, mdomo haufunguki."

Miska alicheka mpaka akajishika mbavu. "Ungefunguka, ungesema nini?"

"Ningeomba siku mbili nifikiri. Sijuti, babu yako alikuwa mtu. Lakini niambie weye: shangazi alichukulia nini bila kukisema?"

Kicheko kikakatika. "Kwamba... mtu hana sababu nyengine ya kunyamaza ila kukubali."

"Haya. Na huyo wa kwenye kompyuta, jino lake li wapi?"

Miska akaivuta kompyuta. Swali lile akalipata. La pili akakosa, la tatu akapata. Hadi Ijumaa alikuwa akipata kumi na tano.

Jumamosi Bi Jokha alimngoja nje ya jengo la mtihani. Miska akatoka, akaupokea mfuko wa visheti, wakapanda basi. Akakaa dirishani, kageukia nje, kimya. Kituo cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Bi Jokha akajiambia: mtoto kashindwa, masikini, na anaona haya kusema.

"Miska, mwanangu. Mbona hunambii kitu?"

Miska akageuka, akaonyesha kwa kidole shavu lililojaa visheti. Akatafuna, akameza.

"Bibi, na weye umeshakuwa kama shangazi yako!" alisema, safari hii kwa Kiswahili. "Nimelitafuta jino kila swali. Katika mengi nimeliona."