Kichwa Kilichochovywa Klorini

Siku ile sikupata utulivu hata wa kunywa chai. Meli ilikuwa imeshusha wakimbizi mara mbili tangu alfajiri, na nje ya hema letu la zahanati, juu kidogo ya mwalo wa Kibirizi, wajawazito walikuwa wamejipanga mpaka kwenye vichanja vya dagaa. Nilikuwa na mashine moja ya ultrasaundi yenye vichwa viwili vya kupimia: kipana cha juu ya tumbo, na chembamba cha kuingiza ukeni.

Lyse alikuwa wa kwanza. Mimba ya wiki saba, damu inamtoka, tumbo linamkata upande mmoja. Nilitaka kujua haraka kama mimba imetunga nje ya kizazi, maana hiyo huua. Nikamwambia Inamahoro, mkalimani wangu, Mrundi aliyefika miezi miwili nyuma, aniletee kichwa chembamba. Akakileta kinanuka klorini.

"Umekitia wapi?"

"Kwenye ndoo, Muganga. Kila jioni nakiloweka humo, mama zetu wasipate ugonjwa," akasema, tena kwa fahari.

Ndoo ya mlangoni, ile yenye klorini kali ya kusafishia viatu! Nikakiinua kwenye mwanga. Ngozi yake ya mpira ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nilipandwa na hasira, nikatamani kumfukuza palepale. Kichwa kile huoshwa kwa sabuni na maji, kikafutwa, kisha kikalowekwa kwenye dawa yake maalumu dakika kumi na mbili. Kikishapata ufa, uchafu wa mama mmoja hujificha humo na dawa haiufikii. Lakini nani alimfundisha kwamba klorini huua kila kitu? Mimi. Wiki za kipindupindu nilisimama ufukweni na kipaza sauti, nikilitangaza hilo mpaka koo likakauka. Habari za kichwa hiki sikumweleza kamwe. Nilikuwa namwambia tu, "Kasafishe."

Petero, mumewe Lyse, alinishika mkono. "Muganga, ndakwinginze, nakusihi! Kivike kondomu, utumie hichohicho. Anakufa!"

Nilishawishika, sisemi uongo. Kondomu, ambayo kichwa hicho huvikwa kila mara, nilikuwa nimeshaifungua. Lakini kondomu hupasuka; nikaitupa, nikakifuta kile kipana kwa dawa yake, nikapaka jeli, nikakandamiza tumbo. Picha haikuwa wazi. Nilihangaika huku na huku, jasho likiniingia machoni, mpaka nikaona weusi umetanda nyuma ya kizazi. Damu. Hiyo ilitosha, nikapiga kelele gari liletwe.

Saa tisa alasiri hospitali wakapiga simu: mrija wa uzazi ulikuwa umepasuka, lakini wamemuwahi, yu hai. Nilikaa chini nikalia kidogo.

Inamahoro hakukaa. Alisimama mbele yangu, kiganja juu ya tumbo lake la miezi mitatu.

"Muganga, na mimi wiki iliyopita ulinipima kwa kipi?"

"Kwa hichohicho," nikamwambia, nikavuta daftari tuangalie ni akina nani waliopimwa nacho kabla yake, na kama kuna aliyekuwa na ugonjwa.