Heero Iliyofungwa kwa Redio

Mwaka wa tisini na nne, ukimtaka Weris Dubow asubuhi mjini Garissa, hukuwa na haja ya kubisha hodi kwake. Ulikwenda moja kwa moja dukani kwa Koome, Mmeru aliyekuja kuuza sukari akanogewa na joto. Huko nyuma ya magunia palikuwa na redio ya mawasiliano, kiti cha plastiki, na mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akiwafundisha watu wa mbali kufunga mafundo.

Usicheke, ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Wasomali wana mila moja tamu. Harusi ikitimiza siku saba, upande wa bibi harusi huwaletea watu wa bwana harusi heero, chombo cha mti kilichojaa tende na nyirinyiri, ile nyama ya ngamia inayokatwa vipande vidogo vidogo, ikakaushwa na kukaangwa kwa samli. Chombo huvishwa nguo kama bibi harusi mwenyewe, kisha huzungushiwa kamba juu hadi chini, na ncha ya kamba ikafichwa. Upande wa bwana harusi sharti waitafute ile ncha na kufungua bila kukata. Wakishindwa hutozwa faini, lakini faini si kitu. Balaa ni nyimbo. Wapo wazee wenye wajukuu ambao mpaka leo huimbiwa heero iliyowashinda ujanani.

Sasa, wasichana wa mjini walikuwa wamejua kusoma na kushona kwa cherehani, ila mafundo yaliwapiga chenga. Mama zao ndio waliomtafuta Weris. Walimwita kutoka Liboi, kutoka Bura, kutoka vituo ambavyo Koome hakuvijua hata viko upande gani. Weris hakupata kuziona sura za wateja wake. Aliweka kibuyu mapajani, akafunga kamba huku akieleza, na huko mbali mikono ya mtu ikafuata sauti yake. Malipo yalikuja kwa lori: samli, ubani, safari moja mbuzi mwenye hasira aliyekula nusu ya katoni za Koome.

Kwenye redio ile watu walisema kwa zamu, anayemaliza akitamka "ova" ili mwenzake ajibu, na shida yake ni kwamba kila mwenye redio alisikia. Kwa hiyo wateja hawakutaja majina, na walipiga Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Naye Weris alikuwa na sharti moja ambalo hakulegeza hata kwa shangazi yake: fundo alilompa mteja, hamfungulii mtu wa upande wa pili. Angefanya hivyo mara moja tu, nani tena angemwamini?

Mwezi wa Novemba mdogo wake wa mwisho, Abdijabar, alioa huko Rhamu, alikokwenda kufanya biashara ya vitunguu vya mashamba ya mto Daua. Mama yao alifariki Abdijabar akiwa bado ananyonya, na Weris ndiye aliyemlea, akambeba mgongoni mpaka mgongo ukazoea. Alishona nguo mpya ya harusi. Akapanda lori. Mvua ikanyesha kana kwamba ilikuwa na kisasi, barabara ikakatika, lori likazama hadi kwenye ekseli, na Weris akarudi Garissa na matope hadi magotini. Harusi ikafungwa bila yeye. Alilia, na hakumficha mtu kwamba alilia.

"Mama Weris, pole," Koome alimwambia. "Si utawaona tu wakija huku?"

"Wewe Koome, nyamaza. Mimi nalea yeye kama mtoto yangu, halafu yeye naoa, watu wengine nabiga figelegele. Mimi nakaa hapa na sukari yako!"

Siku ya saba ya harusi, redio ikaita. Rhamu.

"Abaayo!" Sauti ya Abdijabar ilitetemeka kati ya mikwaruzo, ikimwita dada kwa Kisomali chao ambacho Koome alikielewa nusunusu. "Abaayo, tumekwisha. Heero imetushinda. Tumeileta hapa dukani kwenye redio, nyumba nzima imetufuata, tangu asubuhi hatujaona ncha. Marafiki zangu ni wauza vitunguu, wanajua kamba za magunia tu. Wanawake wameshaanza kutunga wimbo. Ova."

Weris akacheka, akavuta kibuyu. "Tulia, walaal, ndugu yangu. Niambie unachokiona. Ova."

"Kamba nyeupe na nyekundu. Zimesukwa kama nywele, misuko mitatu, inapandana. Shingoni zinaingia ndani na hazitoki. Ova."

Kicheko kikamkauka Weris mdomoni. Msuko huo haukujulikana na mtu mwingine. Aliubuni mwenyewe, na maisha yake yote alikuwa amempa mteja mmoja tu, Ijumaa moja kabla ya mvua: mama mmoja mwenye sauti nzito aliyepiga kutoka Mandera, hakutaja jina, akaomba fundo ambalo shetani mwenyewe angekaa chini akalia. Weris alimpa, tena kwa raha zake, bila kujua kwamba lilikuwa linamngoja mtoto wake mwenyewe.

"Abaayo? Unanisikia? Ova."

Alimsikia vizuri kabisa. Alisikia pia, nyuma ya sauti ile, vicheko vya watu wasio wake. Angesema maneno machache tu, na kijana angetoka kifua mbele. Lakini yule mama bila shaka alikuwa hapo hapo, na Liboi walikuwa wanasikiliza, na Bura, na kila mwanamke aliyewahi kumkabidhi siri yake.

"Abdijabar," alisema, na sauti yake kubwa ikawa ndogo. "Fundo hilo nimelifunga mimi. Nilimpa mteja. Siwezi kulifungua. Nisamehe. Ova."

Redio ikakoroma tu. Koome, aliyekuwa amenasa neno moja moja, akasahau kwamba mteja wake anasubiri kilo mbili za sukari.

"Mama, si huyo ni ndugu yako? Mwambie tu!"

"Koome, hii domo yangu ndiyo duka yangu. Mimi nafunja leo, kesho nauza nini?" Akajifuta macho kwa ncha ya shungi.

Kisha sauti nyingine ikaja hewani kwa mbali, kama ya mtu anayeita kutoka nje ya mlango. Nzito, ya mwanamke mtu mzima.

"Rhamu hapa. Ni Jawahir, mama yake Amran, bibi harusi. Mwambieni mkwe wangu atoke nje niingie, maana hatukai chumba kimoja." Ukasikika mlango, na vishindo vya kijana anayemkimbia mama mkwe kwa heshima zote. "Haya. Weris, umenijua? Ova."

"Nimekujua, mama wa Mandera. Ova."

"Siri ni yangu, niliifuata hadi Mandera ili majirani wa hapa wasinijue, na mimi ndiye ninayekuruhusu. Nielekeze niifungue, watu wana njaa. Ova."

Weris akashusha pumzi. Akafunga kibuyu chake upesi kama ile heero ya kule, wakaanza. Akamwambia atafute mahali nyekundu inapoipita nyeupe mara mbili. "Nimepata. Ova." Anyanyue msuko wa kati bila kuuvuta. "Umenyanyuka. Ova." Weris akafungua mdomo aseme la tatu, na Jawahir akawahi: "Nimeshapenyeza kidole chini ya shingo. Ova."

Weris akauweka mkono juu ya kibuyu.

"Jawahir. Hilo sijakuambia bado. Wewe unajua kuifungua. Ova."

Kule Rhamu mwanamke akacheka, kicheko cha chini kwa chini.

"Tangu wiki ile ile. Nimeifunga na kuifungua mpaka vidole vikaota malengelenge. Sikiliza, walaal. Siku ile ya harusi nilimtazama huyu kijana. Upande wangu kuna shangazi, binamu, majirani, kelele tele. Upande wake kuna wauza vitunguu. Hakuna mwanamke hata mmoja wa kwao wa kumpigia kigelegele. Nikaambiwa dada yake ni wewe, umekwama kwa mvua. Nikasema, hii heero itawashinda, lazima itawashinda, ili wakuite. Kwetu mtu haolewi na kijana asiye na mtu. Mimi natoka sasa, yeye anaingia. Imebaki kuvuta tu, na hilo ni lako. Ova."

Mlango ukasikika tena. Mtu akapumua karibu na kipaza sauti.

"Abaayo? Nimeshika ncha. Ova."

Weris alisimama, kiti cha plastiki kikaanguka nyuma yake. Akajitengeneza shungi, kama mtu anayeingia kwenye nyumba ya watu.

"Vuta, mwanangu," alisema, na hakungoja redio imjibu. Akapiga vigelegele pale pale katikati ya magunia, kwa nguvu zake zote, mpaka wapita njia wakasimama mlangoni kuuliza ni nani anayeoa.