Digrii ya Pili ya Adhis

Adhis alikuwa ametimiza miaka saba kortini, na katika miaka yote hiyo maneno aliyoyatamka mbele ya hakimu hayakuwa yake hata siku moja. Alikuwa karani mkalimani. Mshtakiwa akisema kwa Kijaluo, yeye aliyageuza kwa Kiingereza. Hakimu akijibu, aliyarudisha kwa Kijaluo. Na kwa kuwa mkalimani husema vile vile alivyosema mwenye maneno, Adhis alishinda akisema mimi sikuiba, mimi nilimpiga kwa hasira, mimi naomba korti inihurumie. Jioni akishika njia ya kurudi nyumbani Kianda, alikotoka kwa miguu na kurudi kwa miguu, koo lilikuwa limemkauka kwa maneno ya watu.

Hakuwa mtu wa kukosa kisomo. Mwaka wa 1991 alihitimu chuo kikuu, alikosomea lugha, kwa mkopo wa serikali kama wenzake wote. Alitaka kusomea sheria tangu hapo, lakini alama zake zilipungua kidogo, akapelekwa kulikokuwa na nafasi. Kazi ya korti aliichukua akijiambia ni ya muda tu. Kisha akaolewa na Oketch, fundi seremala mwenye karakana mtaani Kawangware, wakampata Daisy, na ule muda ukawa miaka.

Kilichoamsha hamu yake ya zamani ni kesi ya mwanamke mmoja aliyeitwa Aoko.

Aoko alikuwa akiuza samaki Kawangware. Polisi walikuta cherehani ya wizi chumbani mwake, wakamleta kizimbani asubuhi ya Jumatatu bila wakili, leso ikiwa bado na magamba ya samaki. Akasomewa mashtaka. Akaulizwa kama ni kweli.

"Ni kweli cherehani ilikuwa kwangu," alisema Aoko kwa Kijaluo, "lakini jirani ndiye aliyeniwekea. Sikujua ya nani."

Adhis akaanza kutafsiri. Alipofika kwenye maneno "ni kweli", hakimu alikuwa ameshainama anaandika.

"Anaendelea, mheshimiwa," Adhis alisema.

"Amekiri. Maelezo mengine atayatoa baadaye."

Baadaye ilipofika, Aoko alikuwa amechanganyikiwa. Kila alichoulizwa alijibu ndiyo, akidhani kukubali kutamfikisha nyumbani upesi. Alifungwa miezi sita. Alipokuwa akishushwa kizimbani alimtazama Adhis usoni, kama anayengoja kuambiwa kitu. Lakini karani haruhusiwi kumshauri mshtakiwa. Adhis alikunja karatasi zake akaita kesi inayofuata.

Usiku ule na usiku mwingine mwingi alijirudia moyoni yale ambayo wakili angeyasema. Sentensi mbili tu. Alizijua zote mbili. Hakuwa na ruhusa ya kuzisema.

Ndiyo maana mwaka wa 1999, alipoona gazetini kwamba chuo kikuu kinafungua masomo ya jioni ya sheria, na kwamba mwenye digrii nyingine ataingia kwa digrii hiyo bila kuulizwa alama za sekondari, alilikata tangazo lile akalitia ndani ya Biblia yake. Alituma maombi pamoja na nakala ya cheti chake. Miezi mitatu baadaye barua ikaja. Amekubaliwa.

Alimpelekea Oketch barua karakanani saa ya chakula cha mchana. Oketch alifuta maranda mikononi, akaisoma polepole, akarudia tena mwanzo.

"Kwa hivyo utakuwa wakili," alisema.

"Baba Daisy, wacha kukimbia. Karo tunalipa wenyewe. Lakini kuna bodi ya mikopo. Kesho naomba ruhusa kazini niende."

"Si walikukopesha ile mara ya kwanza? Wanakujua."

Walicheka wote wawili. Hawakujua kwamba kujulikana huko ndiko kutakakomponza.

Ofisa wa bodi aliyemhudumia mjini aliitwa Murunga, mtu wa makamo, mpole, shati lake limepigwa pasi hadi kwenye kola. Alipokea fomu, akaipitia mstari kwa mstari, kalamu ikitembea bila kugusa karatasi. Ukurasa wa pili kalamu ikasimama.

"Madam, hapa umeandika una digrii."

"Ndiyo. Ndiyo iliyonipa nafasi. Haya masomo ni ya watu wenye digrii."

"Na hiyo digrii ulisomeshwa na mkopo."

"Ndiyo. Wananikata kila mwezi, sijawahi kukosa."

Murunga aliweka kalamu chini. "Hujakosa kulipa, naona. Shida si hiyo. Mkopo ni wa digrii ya kwanza. Mtu akishasoma moja, tunasema huyo amesaidiwa, sasa tusaidie mwingine. Na tena haya masomo ya jioni ya kujilipia hayajaingia kwenye orodha yetu."

"Lakini chuo hakiwezi kunichukua bila hiyo digrii."

"Naelewa."

"Na nyinyi hamwezi kunikopesha kwa sababu ninayo."

"Ndivyo ilivyo, madam." Alisema kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ilimuuma Adhis kuliko kama angefokewa. "Ungekuwa umemaliza sekondari juzi tu, ningekugongea muhuri sasa hivi."

Adhis aliuliza kama kuna pa kukata rufaa. Murunga akamwambia anaweza kuandika barua, itapokelewa, lakini asikae akingoja jibu. Akamrudishia fomu bila kuikunja, akiishika kwa mikono miwili.

Aliiandika barua hiyo hata hivyo. Aliandika pia kwa makanisa mawili na kwa shirika moja la wanawake. Makanisa yalisomesha watoto. Shirika lilisomesha walio chini ya miaka ishirini na tano. Adhis alikuwa na thelathini na mbili. Kila mahali palikuwa na mlango, na kila mlango ulikuwa na kipimo chake, naye alikuwa ama amekizidi ama hajakifikia.

Jumamosi moja alikuwa Kawangware akinunua sukuma wiki aliposikia anaitwa, "Nyathina! Mwanangu! Wewe wa kortini!" Akageuka. Alikuwa Aoko, amekonda, amekaa nyuma ya beseni la omena, wale dagaa wa ziwani.

Adhis alitamani ardhi impasukie. Lakini Aoko alikuwa akitabasamu, akamshika mkono akaung'ang'ania.

"Nilitoka tangu Februari," alisema Aoko. "Mimi huwa nakuombea. Siku ile watu wote walinitazama kama mwizi, wewe peke yako uliniongelea vizuri."

"Sikukuongelea, mama. Nilirudia tu uliyosema."

"Ulirudia yote?"

Adhis aligeuzia macho kwenye beseni. Aoko alimfungia omena kwenye gazeti, akakataa malipo, na Adhis akaondoka na kile kifurushi kama mtu aliyebebeshwa jiwe. Alipofika karakanani alikaa juu ya rundo la mbao akalia bila sauti. Oketch alizima mashine ya kuranda, akangoja.

"Nataka hii kitu," Adhis alisema hatimaye. "Nilidhani ni hamu itapita. Haipiti."

Oketch aliitazama mashine yake. Ilikuwa kubwa, ya chuma, na ndiyo iliyoitofautisha karakana yake na vibanda vya pembeni. "Kuna mtu wa Riruta anaitaka hii tangu mwaka jana," alisema. "Nikimpa, unaingia darasani. Mimi nitaranda kwa mkono kama zamani."

"Hapana."

"Mama Daisy, nisikize."

"Hapana, Oketch. Inanisomesha muhula mmoja, na baada ya hapo tunakaa wote tukitazamana, mimi nimetoka darasani na wewe huna kazi. Hapana."

Oketch hakusisitiza. Lakini kabla ya kuiwasha tena alipitisha kiganja juu ya ubao wa mashine mara mbili, na Adhis akajua kwamba Oketch angeiuza kweli kama yeye angekubali.

Siku ya kwanza ya masomo, Adhis alikwenda. Hakumwambia mtu. Alitoka kortini akapanda gari hadi Parklands, yalikofanyika masomo hayo, akawafuata wenye mabegi mapya, akaketi safu ya nyuma. Darasa lilijaa watu wazima: mwalimu mkuu mmoja, askari wawili wenye vyeo, mama mmoja wa benki. Mhadhiri, mwanamke mfupi aliyeitwa Waruguru, alifundisha sheria ya mikataba bila kutazama karatasi.

"Nikikuletea mzigo nyumbani na ukanyamaza," aliuliza Waruguru, "umekubali kuununua?"

Watu walibishana. Wengine walisema ndiyo, kwa nini hakuukataa. Adhis aliukuta mkono wake uko juu.

"Hapana," alisema. "Kuwa na kitu nyumbani si kukubali. Lazima kwanza aulizwe, na aachwe amalize kujibu."

Waruguru alimgeukia. "Hilo la kuachwa amalize halimo vitabuni kwa maneno hayo," alisema, "lakini liandikeni."

Watu waliandika. Adhis naye aliandika maneno yake mwenyewe daftarini, kwa furaha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka. Kisha orodha ya mahudhurio ikapitishwa. Ilipomfikia, aliyasoma majina yote. Lake lilikuwepo, limepigwa chapa pamoja na mengine, na mbele yake sanduku tupu la kutia sahihi. Akaipitisha kwa jirani bila kuigusa kwa kalamu.

Alihudhuria majuma matatu. Juma la nne Waruguru alimsubiri mlangoni.

"Mrs. Oketch, ofisi imeniletea majina ya wasiolipa. Nimeambiwa nisiwaruhusu."

"Najua, mwalimu. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Waruguru alishusha pumzi. Alikuwa na vitabu vingi mikononi, akahamisha kimoja hadi kwapani. "Siwezi kubadilisha sheria ya ofisi. Lakini kuna fomu ya kuahirisha. Nafasi yako itakaa mwaka mmoja, si zaidi. Umeijaza?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Basi twende kabla hawajafunga."

Walikwenda pamoja. Adhis alijaza fomu amesimama kwenye kaunta. Palipoandikwa sababu za kuahirisha, aliwaza kidogo, akaandika kwamba ana digrii. Karani alisoma, akainua macho, akauliza kama amekosea. Adhis alimwambia hajakosea. Muhuri ukagongwa.

Alipofika nyumbani Kianda, Daisy alikuwa akichora kwa makaa mlangoni na Oketch anasonga ugali. Adhis alimweleza mumewe yote, tangu siku ya kwanza hadi muhuri. Oketch hakumuuliza kwa nini alimficha. Aligeuza ugali mara ya mwisho, akaufunika, akavuta stuli.

"Sasa niambie," alisema. "Huyo mtu aliyeletewa mzigo, mwishowe alilipa au hakulipa?"

Adhis alitoa daftari kwenye mkoba. Kurasa zilizoandikwa zilikuwa kumi na nane, na zilizobaki zote nyeupe. Akafungua ya kwanza, akaanza kumsomea.